Kikombe cha Shangazi Paskalina

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri shangazi Paskalina alipofika kwenye uzio wetu wa minyaa na kusimama. Nina uhakika na saa hiyo kwa sababu ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akisema. Alitua begi lake la turubai, akageuza mkono wa kushoto, akaitazama saa yake na kutamka, kama anayempa mtu taarifa, "Saa tisa na kumi." Baadaye aliniambia ni mazoea aliyoyapata kazini: mgonjwa akiletwa, kabla hujamfanyia lolote, unaandika saa.

Nilikuwa na miaka saba, nimeanza darasa la kwanza hapo Kansay. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha. Shangazi, dada yake baba, alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye zahanati moja ya mjini, na vita vilipochachamaa alijitolea kwenda na waliokwenda kuwatunza askari wetu ng'ambo ya mpaka. Tangu aondoke hatukupata hata barua moja. Sasa alikuwa amesimama pale, amevaa viatu vya kijeshi vinavyomzidi mguu, vumbi la njia ya kutoka Karatu limempanda hadi magotini.

Nilimkimbilia. Ama akanikamata gauni kwa nyuma kabla sijafika uzioni. Ama ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiiraqw, na bibi yetu ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba, maana baba alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa huko Oldeani na alirudi mwisho wa mwezi tu. Ama hakuinua sauti. Alimwuliza binti yake swali moja kutoka pale alipokuwa.

"Umewagusa waliokufa?"

"Niliwaosha, mama."

"Wangapi?"

"Mwanzoni nilihesabu."

Ama akanyoosha kidevu kuelekea kibanda cha ndama nyuma ya zizi, ambacho kilikuwa kitupu msimu ule. Shangazi akabeba begi lake, akazunguka kwa nje ya uzio bila kukanyaga uwanja wetu, kama mtu aliyeijua njia hiyo kabla ya kuonyeshwa. Nilimtazama mpaka mgongo wake ulipopotea nyuma ya samadi. Nilidhani wamekubaliana jambo kubwa ambalo watoto hatuambiwi.

Siku zilizofuata nilichunguza na kujumlisha. Shangazi alilala peke yake katika nyumba yake mwenyewe. Mtu mwingine pekee niliyemjua analala peke yake katika nyumba nzima alikuwa padri. Alikuwa na chungu chake, kibuyu chake, kigoda chake. Hakuteka maji tulipoteka sisi, alikuwa na njia yake inayoshuka kwenye mkondo wa chini. Alipopita, watu wazima walitoka njiani, wakasimama kwenye majani wakamsubiri apite. Hata mzee wa jirani, ambaye hakuwahi kumpisha mwanamke, nilimwona akirudi nyuma na ng'ombe wake wote. Jibu nililolipata lilikuwa moja: shangazi yangu alikuwa amerudi kutoka vitani akiwa mtu mkubwa kuliko mtu yeyote wa Kansay.

Ukweli niliujua baadaye, na ni vizuri msomaji aujue sasa. Wazee wetu waliamini kwamba kifo humwachia kitu yule aliyekigusa, kitu kinachoweza kuvuka kwa chakula, kwa kikombe, kwa kivuli cha mlango mmoja, kikaangukia watoto wachanga na mifugo. Mtu wa namna hiyo aliitwa metimani. Alikaa kando, miezi au hata miaka, mpaka wazee waseme muda umetosha. Ndipo kondoo alipochinjwa, mtu akatakaswa, akarudi jikoni kwao. Serikali ilikataza, kanisa lilikemea, na nyumba nyingi zilikuwa zimeacha. Ama hakuacha. Katika ujana wake aliwahi kwenda maziko akarudi nyumbani siku hiyohiyo, na kabla ya mavuno alikuwa amezika watoto wawili. Hakuna katekista aliyeweza kumwambia kitu kuhusu hesabu hiyo.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupeleka chakula. Kati ya mlango wetu na kibanda kulikuwa na jiwe bapa. Hatua ishirini na saba kutoka mlangoni hadi kwenye jiwe. Naliweka bakuli la ugali, narudi hatua kumi, ndipo shangazi anapokuja kulichukua. Nilimwambia idadi ya hatua, naye akaniita Karani. Jina hilo limenikaa mpaka leo kwa ndugu wachache waliobaki.

"Karani, leo hatua ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Haijaongezeka. Basi bado tuko salama."

Alitumia kikombe kimoja kwa kila kitu, chai, uji na maji. Kilikuwa cha bati jeupe lenye ukingo wa buluu, kikubwa, cha zaidi ya nusu lita. Ubavuni kilikuwa na maandishi ya rangi nyekundu ya mafuta, yaliyoandikwa kwa mkono kama vibao vya maduka. Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kusoma, nikayasoma kutoka kule nilikosimama, silabi baada ya silabi, kwa siku tatu: ASANTE KWA KUWATUNZA WANETU UGENINI. Chini yake, kwa herufi ndogo: MAMA ZAO.

Shangazi alinieleza. Waliporudi walipitia mji mmoja upande wa ziwani, na akina mama wa pale ambao watoto wao walikuwa vitani walichangishana, wakanunua vikombe dukani, wakamwita mchora vibao akaandika kimoja kimoja. Kila aliyejitolea kuwauguza askari alipewa chake. Wenzake wengi walivifunga kwenye nguo ili vikakae kabatini. Yeye hakuweza kusubiri kabati, kwa sababu kwenye lori lao kulikuwa na wagonjwa wa kuhara waliokuwa bado wanasafirishwa. Alichukua sindano akakwaruza mstari ndani ya kikombe, mahali maji yanapofikia nusu lita. "Watu wanadhani askari anakufa kwa risasi," aliniambia. "Wengi niliowaona mimi, risasi haikuwagusa. Waliisha maji mwilini. Vijana wakubwa, Karani, wanakauka kama mboga."

Nilimwomba ninywee kikombe kile. Alisema hapana, hakinywewi na mtu mwingine.

"Kwa sababu ni cha serikali?"

Akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la khanga. "Ndiyo," akasema. "Ni cha serikali."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa fahari. Kaka yangu Tluway, aliyenizidi miaka minne na aliyejua kila kitu, alinizomea jikoni. Alisema shangazi ananuka maiti na ndiyo maana analala kwenye kibanda cha ndama. Nilimjibu ana wivu kwa sababu yeye hajapewa kikombe na serikali. Mama alikuwa ananyonyesha mdogo wetu Bayo karibu na moto. Hakutukemea, na wala hakumsahihisha yeyote kati yetu. Naona sasa kwamba hakujua amsahihishe yupi.

Miezi mitano ilipita hivyo. Mwisho wa mwezi mmoja baba alileta fedha ya kondoo, wa kumtakasia shangazi muda ukitimia, na Ama akaifunga kwenye kona ya shuka yake. Shangazi angeweza kuondoka wakati wowote. Zahanati ilikuwa inamsubiri na mshahara wake upo. Niliwahi kumwuliza kwa nini hakai mjini anakoheshimiwa vilevile. Alisema ametunza watu waliomwogopa kwa sababu ya sindano, na hakuwaacha. Hawezi kumwacha mama yake kwa sababu tu mama huyo anaogopa.

Kisha mvua kubwa zikaanza. Korongo lililo kati yetu na barabara lilijaa, magari ya kwenda Karatu yakasimama, na Bayo, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameota meno mawili, akaanza kuharisha. Siku ya kwanza watu wazima hawakusema kitu. Siku ya pili walifanya kilichofanywa na kila mtu enzi zile: walimpunguzia maji, ili tumbo lipate kukauka. Asubuhi ya siku ya tatu nilimwona Bayo akilia, na machozi hayatoki. Nilikitazama kile kinywa kilicho wazi na yale macho makavu yaliyozama, nikajua kwamba jambo hili nimekwisha kulisikia mahali.

Nilipeleka uji wa shangazi na nikasahau kuhesabu hatua. Nilipofika kwenye jiwe nilimwambia: Bayo analia bila machozi.

Shangazi hakuuliza mara mbili. Alikuja mpaka kwenye jiwe, akalipita, akasimama katikati ya uwanja ambao hakuwa ameukanyaga tangu arudi. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Ama akatoka mlangoni.

"Rudi," Ama akasema.

"Ngozi ya tumbo lake ukiifinya inarudi?"

"Ndicho kitu chako kilichovuka. Nilijua. Kesho unahamia upande wa pili wa korongo."

"Nitahama, mama. Leo nijibu. Inarudi?"

Aliyejibu ni mama, kutoka ndani. "Hairudi, wifi. Inabaki imesimama."

Shangazi akaanza kutoa maelekezo, polepole, kwa sauti ileile aliyosomea saa. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita. Sukari vijiko vitatu vya chai, vilivyofutwa juu kwa kisu. Chumvi robo kijiko, isizidi. Ikizidi itamwua, ikipungua haitamsaidia. Apewe kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kuacha. Akitapika, mnasubiri dakika kumi kwa saa, mnaanza tena. Alivua saa yake akaiweka kwenye jiwe. Sukari ilikuwa haba nchi nzima wakati ule, na ya kwetu Ama aliificha kwenye kopo la majani ya chai kwa ajili ya katekista. Mama alikwisha kuifuata. Maji yalikuwepo, yamechemshwa tangu alfajiri kwa ajili ya chai, yamepoa kwenye sufuria. Kilichokosekana ni kipimo. Tulikuwa na vibuyu, na hakuna kibuyu kinacholingana na kingine.

Shangazi akaingia kibandani, akarudi na kikombe. Alikuwa na kuni zake na chungu chake. Akakichemsha mbele ya macho yetu, katikati ya uwanja, kikombe kikigonga ukuta wa chungu, mpaka akaridhika. Akakitoa kwa kijiti, akakiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma.

"Karani," akasema. "Chukua."

Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa shujaa. Nilikichukua kwa sababu nilikuwa nimekitamani kwa miezi mitano, na kwa sababu niliamini kwamba kitu kilichotolewa na serikali kina nguvu zake. Kilikuwa bado cha moto. Nilikishika kwa mikono miwili kama nilivyomwona padri akishika kikombe chake, nikaenda nacho hatua ishirini na saba. Ama alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake imeshika miimo yote miwili.

"Kiweke chini," akasema. "Hicho ni bati la wafu."

"Siyo la wafu, Ama. Kimeandikwa."

"Kimeandikwa nini?"

Nadhani hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsomea. Ama hakujua kusoma, na Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Kwa miezi mitano alikuwa anaona alama nyekundu kwenye kikombe cha binti yake na kudhani ni alama za jeshi, labda hesabu ya waliokufa. Nikamsomea, kisha nikamgeuzia kwa Kiiraqw, bila hata kujua kwamba ni kazi ngumu: wanamshukuru kwa kuwatunza watoto wao kwenye nchi ya watu. Walioandika ni mama zao.

Ndani, Bayo alikuwa ameacha kulia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kilio. Kisha Ama akauliza, hakuniuliza mimi, alipitisha macho juu ya kichwa changu mpaka kule uwanjani.

"Hao wanawake walijua umewaosha watoto wao?"

"Walijua, mama. Ndicho walichotaka kusikia. Mmoja aliniuliza kama wake nilimfunga kidevu."

"Ulimfunga?"

"Nilimfunga."

"Na walikushika?"

"Walinishika mikono. Wengine walinikumbatia."

"Na wana watoto wadogo majumbani mwao?"

"Wana wadogo."

Mvua ilikuwa inaanza tena. Ama aliondoa mkono mmoja kwenye mwimo, akauondoa na wa pili, akakichukua kikombe kutoka mikononi mwangu. Aliingia ndani, nikamfuata. Mama alimimina maji, Ama akatazama yafike kwenye mstari uliokwaruzwa, akafuta kila kijiko kwa kisu kama alivyoelekezwa. Shangazi akasema kutoka nje kwamba kabla ya kumpa mtoto, lazima mtu mzima aonje: yasizidi chumvi ya machozi. Mama akanyoosha mkono. Ama hakumpa. Alikiinua mwenyewe, akaweka midomo yake kwenye ukingo wa buluu, akanywa. Siyo kuonja. Alinywa funda zima, nikaliona likishuka kooni, akasimama kidogo kana kwamba anasubiri kitu kimpate.

"Ni machozi," akasema. "Hayajazidi."

Akamgeukia Tluway, aliyekuwa amejibana ukutani. "Nenda kwa majirani. Simama mbali. Waambie nyumba hii yote ni metimani, na wasije." Kisha akaenda mlangoni, akasema kwa hasira, kama anayemgombeza mtu aliyechelewa: "Paskalina, unaloa huko nje kwa faida ya nani? Ingia. Mimi sijui kusoma hiyo saa yako."

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mara moja: jiwe, njia ya chini, watu waliosimama majanini. Nilimwona shangazi akipita mlangoni kwetu, anainama zaidi ya ilivyohitajika, viatu mkononi. Mtu aliyekuwa ameosha maiti asiowajua aliketi ukingoni mwa kigoda cha jikoni kwao, kama mgeni. Kisha akanyoosha mikono, akampokea Bayo. Kijiko, anatazama saa, kijiko. Bayo akatapika, tukasubiri dakika kumi, mimi nikihesabu mshale pamoja naye. Kikombe kikaisha, tukapima kingine. Mchana Bayo alikojoa kwenye mapaja ya shangazi, na watu wazima watatu walifurahia mkojo ule kama wameonyeshwa muujiza. Jioni alilia kwa sababu ya njaa, na chozi likatoka, moja, upande wa kushoto.

Majirani hawakukanyaga kwetu kwa mavuno mawili. Tulipewa njia ya chini na mkondo wa chini, na watu walituachia barabara nzima. Tluway alipigana shuleni zaidi ya mara moja. Ama hakulalamika. Kondoo hakununuliwa, kwani alisema haoni wa kutakaswa ni nani na wa kumtakasa ni nani. Watu walianza kurudi mmoja mmoja, wengi wakileta watoto wanaoharisha, wakisimama kwanza kwenye uzio na kuuliza kama kile kikombe kipo.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, vyote kwa kujifundisha mwenyewe, na najua sasa kwa nini sukari huvuta chumvi na chumvi huvuta maji kwenye utumbo. Maelezo hayo ni sahihi na nayaheshimu. Hayajapunguza chochote katika nilichokiona siku ile, ajuza mwenye hofu ya kweli, yenye makaburi mawili, akinywa.

Bayo ana nywele nyeupe sasa. Anaendesha magari ya watalii kwenda kreta ya Ngorongoro. Ama alifariki katika usingizi, na shangazi ndiye aliyemwosha. Mwaka huu tumemzika shangazi Paskalina mwenyewe. Niliomba niwe miongoni mwa waliomwosha, nikamfunga kidevu, na nilipomaliza nikaangalia saa.

Kikombe nilikikuta chini ya begi la turubai. Rangi nyekundu imebaki kwenye neno moja tu zima, MAMA. Mengine unayajua kwa kuwa uliyajua. Bado kina harufu ya spiriti ya zahanati ukikiweka karibu na uso. Ndani, juu kidogo ya mstari wa sindano, kulikuwa na kipande cha shuka nyekundu kilichofungwa fundo, na nililitambua fundo lile kabla sijalifungua, maana hakuna aliyefunga namna ile isipokuwa Ama. Alimpa binti yake fedha ya kondoo, na binti hakuitumia. Zilikuwa noti nane za ishirini, za zamani, benki haizipokei tena. Nilizihesabu mara mbili. Shilingi mia moja na sitini.